Mwanangu ameacha matunda: ni umri, ni msimu, au ni zama?

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Chake Chake. Mkubwa ni mvulana, yuko darasa la sita. Mdogo yuko la pili. Huyu mkubwa alipokuwa mdogo alikuwa akila papai na mchicha bila ya kulazimishwa. Sasa mboga haigusi, na tunda mpaka nimkatie mwenyewe nimuwekee mbele. Mama yangu anasema watoto wa siku hizi wameharibiwa na chipsi na biskuti, wao zamani walishinda mitini. Mwalimu wake ananambia nisihofu, maana ikifika Disemba skuli nzima inanuka maembe. Nimsikilize nani? Na je, nimnunulie vitamini za chupa?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Mama yako na mwalimu wote wawili wameona jambo la kweli, ila kila mmoja anazungumzia wakati wake. Mwalimu anazungumzia mwezi, mama anazungumzia miaka arubaini, na wewe unazungumzia mtoto mmoja tangu darasa la kwanza hadi la sita. Ukizichanganya nyakati hizi tatu utapata jibu la kukutisha bure, au la kukutuliza bure.

Nianze na umri, maana ndio unaokukosesha usingizi na ndio mwepesi kuueleza. Kuna uchunguzi mkubwa wa afya ya wanafunzi unaofanywa kila baada ya miaka 4 katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ukiwauliza watoto wa miaka 11, 13 na 15. Duru baada ya duru, wanaosema wanakula tunda kila siku ni wengi zaidi katika watoto wa miaka 11 kuliko wa miaka 15, na wasichana huwazidi wavulana. Hao ni watoto wa kwao na maisha ya kwao, na hesabu zao sikubandikii wewe Chake. Lakini sababu ya kushuka kule naiona hata huku. Mtoto wa miaka saba anakula anachopewa. Wa miaka kumi na mbili anatoka alfajiri na pesa yake mfukoni, mapumziko anakula na wenziwe, mchana anapita nyumbani mbio mbio kubadili nguo aende chuoni kusoma Kurani, na maghribi ndiyo unamwona kwa utulivu. Mkono uliokuwa ukimtilia papai mdomoni haupo tena katika njia zake za kutwa. Hajalichukia papai, papai halipo anapopatwa na njaa.

Shika neno hilo, kwa sababu ndilo ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii: mtoto wa skuli hula kilicho karibu naye wakati njaa imemuuma. Ladha na mafunzo vina nafasi yao, lakini huja nyuma ya hilo.

Sasa msimu, na hapa huteleza hata wenye shahada zao. Sisi tunaishi na matunda yanayokuja kwa mawimbi. Kaskazi ikishaingia, kuanzia Disemba hadi Februari, ni maembe: boribo, dodo, sindano, na yale madogo ya nyuzi ambayo mtu mzima hayataki lakini mtoto anayaokota chini na kuyafyonza mpaka kokwa likawa jeupe. Shokishoki nazo hujaa vikapuni. Katikati ya mwaka, wakati wa kusi, zamu ni ya machungwa na machenza. Baina ya mawimbi hayo hubaki ndizi na papai, na bei hupanda. Majani nayo yana msimu wake. Masika mchicha na matembele huota hata ukutani, na kiangazi cha Januari mtu hununua kifungu kidogo kwa bei ya vifungu viwili.

Kwa hivyo mtu akija kuwauliza watoto wa skuli moja mwezi wa Januari walikula matunda mangapi jana, kisha akarudi mwezi wa Oktoba kuwauliza tena, atatoka na ripoti kwamba watoto wa Pemba wameacha matunda. Hawajaacha, miti ndiyo iliyokuwa haijazaa. Na kuna jambo jengine ambalo wageni hawalitii hesabuni, nalo ni Ramadhani. Mwezi huo mapumziko ya skuli hayana mlo kwa wanaofunga, halafu jioni kwenye futari kuna tende, tikiti, ndizi na kila tunda ambalo nyumba imeweza. Na Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2024 na 2025 tulifunga Machi. Mwaka 2030, Mungu akitufikisha, itaanguka Januari, katikati ya maembe, na Ramadhani ya pili ya mwaka huo huo itaanza mwishoni mwa Disemba. Machi ya mwaka mmoja si Machi ya mwaka mwengine.

Ukitaka kumjua mwanao hasa, chukua daftari. Chagua wiki moja ya kaskazi na wiki moja ya kusi, na kila asubuhi muulize aliyokula jana tangu kuamka mpaka kulala, kimoja kimoja, bila ya kumuuliza kama alikula tunda. Ukimuuliza "ulikula tunda?" atakujibu "ndio" ili umwache aende zake. Ukimuuliza "ulipotoka nje mapumziko ulinunua nini?" atakutajia barafu, bajia, ubuyu, na pengine chungwa nusu aliyopewa na rafiki yake. Mwakani fanya hivyo hivyo katika wiki zile zile. Hapo ndipo utaweza kusema ameongeza au amepunguza, na kwa kiasi gani.

Nije kwa mama yako. Hapa nataka twende polepole, kwa sababu ana haki kubwa kuliko anavyopewa, ingawa lawama ameitupa pasipo pake.

Watoto wa zama zake hawakuwa na tabia njema zaidi ya wa leo. Walikuwa na miembe, mizambarau, mipera na mistafeli baina ya nyumba na skuli, na tunda lililoanguka halikuwa na bei. Mwenye mti aliuza yaliyofika sokoni, na yale ya chini yalikuwa ya watoto. Leo hesabu imebadilika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima; ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake, huko Unguja, ulitoka 593,678 ukafika 893,169 katika miaka hiyo kumi. Watu hao wote wanataka viwanja, na kiwanja kinapopimwa mwembe ndio wa kwanza kuondoka. Pemba bado tuna miti, alhamdulillahi, lakini hata huku tunda limepata bei. Embe nzuri hupakiwa kapuni ikasafirishwa, na mwenye shamba hawezi tena kufumba macho watoto wakipita chini ya mti wake. Simlaumu, ana ada ya skuli ya kulipa naye.

Yaani tunda limetoka mtini likaingia dukani, na huko dukani linashindana na vitu vyengine kwa shilingi ile ile. Mtoto mwenye shilingi 500 langoni mwa skuli anaangalia kipi kitamshibisha na kipi kitamfurahisha. Muhogo wa kukaanga unashibisha. Pakti ya krispi inalia mkononi na wenzake wanaiona. Embe iliyokatwa vipande na kutiwa chumvi na pilipili inafurahisha, na ndiyo maana wakati wa msimu inauzika. Nje ya msimu, muuza embe anageuka muuza barafu za rangi. Siku moja simama langoni wakati wa mapumziko uangalie, dada, utajifunza mengi kuliko katika karatasi zetu. Mwangalie muuza machungwa. Anamenya ganda la juu kwa kisu, anakata kofia, anampa mtoto. Mtoto analikamua chungwa mdomoni, anafyonza maji, kisha analitupa lililobaki. Alichotupa ndicho chenye nyuzinyuzi zote. Katika daftari la mtafiti ameandikwa "chungwa moja", na kwa kweli amekunywa juisi.

Na mboga je? Kabichi, karoti na vitunguu vingi tunavyoviona masokoni vinatoka bara, na kila kivuko kinaongeza bei. Hivyo familia inayobana matumizi hupunguza kitu ambacho hakishibishi, na wali haupungui. Majani yetu wenyewe, mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, ni rahisi kuliko kabichi ya safari na yana lishe zaidi, lakini yamepata sifa mbaya ya kuwa chakula cha dhiki. Hilo linaniuma. Nimeona mwari anaona haya kumpikia mgeni matembele, na akampikia tambi.

Kama ni ukaribu unaoamua, basi ukaribu ukibadilishwa na ulaji utabadilika. Je, kuna pahala palipojaribiwa? Papo. Norwei walianza mwaka 1996 na mpango wa wazazi kulipia tunda la skuli. Waliojiandikisha ni wale wale ambao nyumbani kwao tayari walikuwa na matunda, jambo ambalo hata hapa lingetokea. Kuanzia mwaka 2007 serikali ikatoa bure tunda moja au mboga moja kila siku ya skuli, kwa wanafunzi wa darasa la 8 hadi la 10 na kwa skuli zenye madarasa yote 1 hadi 10, na ikaendelea hivyo hadi 2014. Watafiti, akiwemo Elling Bere, walilinganisha watoto wa madarasa ya juu ya msingi wa mwaka 2001 na wa mwaka 2008 katika skuli zile zile. Ulaji wa matunda ulipanda. Na lililonivutia zaidi ni kwamba peremende na vitafunwa visivyo na faida vilipungua, hasa kwa watoto ambao wazazi wao hawakusoma sana. Hawakuhubiriwa waache peremende. Saa ya njaa palikuwa na tunda mezani, na tumbo likajaa.

Lakini usichukue upande mmoja wa habari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 2012 walikusanya majaribio mengi ya skuli za msingi wakayapima pamoja. Kwa wastani mtoto aliongeza robo tu ya fungu kwa siku, na fungu lao ni gramu 80. Takriban robo hiyo yote ilikuwa tunda. Mboga ilisogea kidogo sana, 0.07 ya fungu, yaani kama kijiko kimoja kidogo. Hii ndiyo sababu nakwambia usiviweke kapu moja. Tunda linataka kuwepo tu, na mtoto atalila. Mboga inataka kupikwa vizuri, kuonjwa mara nyingi, na kuonekana ikiliwa na watu anaowapenda, na kazi hiyo skuli haiwezi kuifanya peke yake.

Kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2023 limeweka angalau gramu 350 za matunda na mboga kwa siku kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9, na 400 kuanzia miaka 10. Mdogo wako ni wa 350, mkubwa ni wa 400. Kwa macho ya jikoni, ndizi mbivu moja ya wastani iliyomenywa ni kama gramu 100, chungwa lililoliwa na nyama zake ni kama 130, na upawa mmoja mzuri wa mchicha uliopikwa mchana na mwengine usiku unakaribia kukamilisha. Muhogo, viazi vitamu na viazi mbatata havimo katika hesabu hii hata kama vimetoka shambani. Hivyo ni wanga, vinahesabiwa na wali. Juisi ya bungo au ya ukwaju yenye sukari nayo isikudanganye, sukari yake inahesabiwa kuwa sukari.

Kwa Pemba nina sababu nyengine ya kuyasema haya kwa msisitizo. Katika miaka ya 1990 watafiti waliopima damu za wanafunzi wa kisiwa hiki walikuta zaidi ya nusu wana upungufu wa damu, na sehemu kubwa ilitokana na ukosefu wa madini ya chuma, yaliyokuwa yakinyonywa na minyoo ya safura. Tangu wakati huo dawa za minyoo zimekuwa zikitolewa skuli, na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi imekuwa ikifuatilia maradhi haya tangu 2000. Dawa inaua minyoo, ila damu iliyopotea hujengwa upya kwa chakula. Majani yana chuma, lakini chuma cha majani ni kigumu kuingia mwilini. Vitamini C hukisaidia kuingia, na chai ya rangi hukizuia. Nyumba ngapi tunamwekea mtoto bilauri ya chai pembeni mwa sahani ya wali na mchicha? Isogeze chai saa moja baada ya mlo, na juu ya mchicha kamua ndimu. Au mpe pera baada ya kula: kwa uzito ule ule pera lina vitamini C karibu mara 4 ya chungwa, na mipera bado ipo mingi Pemba. Nazi usiiogope kwenye majani. Ule mchicha wa nazi wa bibi zetu ulikuwa sawa kabisa, maana vitamini A ya majani, ya papai na ya embe mbivu inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Ila usiuchemshe mpaka ukawa kama uji. Majani yakilegea, epua.

Sasa mkubwa wako. Ningekuwa mimi, ningeanza na mapumziko ya skuli na kuiacha mboga kwa muda. Usiku tia ndizi mbili mkobani mwake, moja yake na moja ya rafiki, kwa sababu mvulana wa umri huo haoni haya kula kitu anachokigawa. Punguza pesa ya mfukoni kidogo, usiiondoe, akinyimwa kabisa ataomba kwa wenzake. Wakati wa machungwa mpe lililomenywa nyumbani na kupasuliwa vipande, ili ale nyama zake. Masika, tunda lililokatwa na kupangwa barabarani ni la kuogopwa. Tuliuguza kipindupindu 2015 na 2016, na si vizuri kusahau. Tunda la kumenywa papo hapo ni salama zaidi, na la kuliwa na ganda lioshwe kwa maji safi, mayai ya minyoo hayaonekani kwa macho. Na kama una sauti katika kamati ya skuli, pendekezeni muuza matunda apewe pahala pa karibu kabisa na lango, kwenye kivuli, mbele ya muuza krispi. Hilo halihitaji bajeti.

Kwa mboga, angalia sinia lenu. Nyumba nyingi mboga hutiwa kibakuli cha pembeni, karibu na mama, na watoto wanapambana na samaki upande wao. Itie juu ya wali upande wa watoto, kidogo, kila siku, na usiseme neno. Ladha ngeni huzoeleka baada ya kuonjwa mara nyingi, mara nane, kumi, hata zaidi, na kila unapogomba huwa umeanza upya. Bamia na biringani zilizopikwa ndani ya mchuzi wa samaki pamoja na tungule huwavuta wengi waliokataa mchicha. Baba yake naye ale mbele yake. Hili nalitaka kwa dhati, kwa sababu mvulana wa miaka kumi na mbili anamwangalia mwanamume mwenzake, na akiona sahani ya baba haina jani, maneno yako yote hayatamwingia.

Vitamini za chupa usinunue kwa sasa. Matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka ni ya watoto chini ya miaka mitano, wako wameshapita, na mtoto anayekula papai, majani na dagaa hana haja ya kulipiwa rangi na sukari ndani ya chupa. Lakini mtazame mwanao. Ikiwa ndani ya kope za chini pamekuwa peupe, anachoka akicheza na wenzake, anahema kwa kupanda kilima kidogo, au umemkuta akila udongo, hapo usisubiri msimu wala daftari: mpeleke kituo cha afya apimwe wingi wa damu na choo siku ile ile, na dawa ya kuongeza damu apewe na waliompima.